Mwenye nyumba asiyeridhika: historia ya kupanga, kutoka OCAF ya Ngagara hadi Basra



Ndugu wasomaji, maswali tunayoletewa sisi walimu wa madrasa baada ya darasa hayahusu swala na funga peke yake. Mengi yanahusu nyumba. Na katika hayo ya nyumba, linalorudi mara kwa mara hapa Ngagara ni hili: mwenye nyumba anakaa nyumba ya mbele, wapangaji wako vyumba vya uani, na haipiti siku bila yeye kutoa kasoro. Mnamwaga maji mengi. Watoto wenu wanachafua ukuta. Wageni wenu wamekaa mno. Taa ya nje imewaka mpaka asubuhi. Moshi wa jiko lenu unaharibu rangi. Je, dini inasemaje? Tuvumilie, tujibu, au tuhame?

Safari hii tumeona tujibu kwa njia ya historia. Mtu akijua jambo limetoka wapi, hasira hupungua, na pia huweza kuona mpaka wa haki yake na haki ya mwenzake uko wapi. Mpaka huo upo, na wanavyuoni waliuchora zamani sana, lakini kwanza tuanze na hapa tulipo.

Nyumba ya familia moja iliyobeba nne

Wazee wetu wakimwelekeza mtu mtaani hapa, wengine hawasemi Ngagara, wanasema OCAF. Jina hilo ni kifupi cha Office des Cités Africaines, shirika la serikali ya Kibelgiji lililojenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo na hapa kwetu Usumbura, katika miaka ya 1950. Usumbura ndiyo Bujumbura ya leo. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, shirika likawa limekwisha, jina likabaki mdomoni mwa watu. Hata kartie zetu kuitwa kwa nambari ni alama ya mji uliopangwa kwenye karatasi kabla ya watu kuhamia.

Ngagara haikuwa mtaa wa kwanza wa Waafrika katika mji huu. Buyenzi na Bwiza zilitangulia, na Buyenzi ndiyo nyumba ya Waswahili tangu siku za wafanyabiashara wa Ujiji na wale walioandamana nao. Nyumba ya kule ilijengwa na mwenyewe, kwa mtindo tunaoujua pwani yote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Tangu mwanzo nyumba hiyo ilimjua mpangaji. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, vingine akapangisha, na kila mtu alijua kwamba ukumbi ni wa wote, chumba ni cha aliyelipa. Ugomvi ulikuwepo, hatukatai. Ila desturi ilikuwepo pia.

Nyumba ya OCAF ni habari nyingine. Ilichorwa ofisini kwa ajili ya familia moja: karani au fundi, mke wake na watoto wake. Matofali, safu zilizonyooka, kiua kidogo. Mpangaji hakuwemo katika mchoro ule. Alikuja baadaye, mji ulipojaa na mishahara ilipokuwa haitoshi, na mwenye nyumba akaongeza vyumba viwili vitatu nyuma, vile tunavyoviita anekse. Basi kiwanja kilichokusudiwa watu sita kikabeba ishirini. Geti moja, bomba moja, choo kimoja, mita moja ya Regideso. Tukisema ukweli, nusu ya maneno ya mwenye nyumba na nusu ya manung'uniko ya wapangaji yanatoka kwenye hiyo mita moja. Bili inakuja kwa jina la mmoja, wanaotumia ni familia nne, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye mtumiaji mkubwa.

Kuna jambo la pili katika historia ya nyumba hizi ambalo halizungumzwi. Mwenye nyumba wa kwanza wa OCAF alikuwa serikali yenyewe, na serikali ile ilimtazama mkazi kama mwanafunzi wa kusahihishwa. Katika miji ya Wabelgiji, Mwafrika alihitaji kibali ili akae mjini. Kuwa na paa juu ya kichwa hakukuwa haki yake bali ruhusa. Na hapa Usumbura kulikuwa na taasisi iitwayo Foyer Social, iliyofanya kazi tangu 1946 hadi 1960. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika habari zake katika makala iliyotoka mwaka 1990. Wanawake walifundishwa kushona, kupika, kulea watoto na kupanga nyumba, na waalimu wake walikuwa wakiwatembelea majumbani kuangalia yale waliyofundishwa yanafuatwa vipi.

Hatusemi kila kilichofundishwa pale kilikuwa kibaya. Kushona ni elimu, na usafi wa mtoto ni elimu. Lakini itazameni namna yenyewe: mtu mwenye mamlaka anaingia ndani ya nyumba ya mtu, anatazama kitanda, anatazama sufuria, anatoa maoni, anaondoka. Mwenye kutazamwa hana la kusema. Sisi tunaona kwamba mazoea hayo hayakuondoka na wenyewe. Yalibaki katika nyumba, yakarithiwa pamoja na ufunguo. Ndiyo maana utamkuta mzee mwenye heshima zake, anayeswali jamaa, anasimama mlangoni kwa mpangaji wake asubuhi na kuchungulia ndani kama anayekagua bweni, wala haoni kwamba kuna kosa. Mwenye nyumba, nyene inzu, kwake maana yake ni mwenye kila kilichomo ndani.

Ukali unaotokana na hofu

Tusiwe wepesi wa kulaumu kabla hatujakumbuka miaka iliyotupitia. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita. Kati ya 1994 na 1996 mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa misingi ya kikabila. Kuna waliokimbia Ngagara, kuna waliokimbia Kamenge, na nyumba zilizoachwa wazi zilipata watu wengine wa kuzikalia. Makubaliano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, kushughulikia, pamoja na mengineyo, swali chungu la nani ni mwenye nyumba gani. Kisha mwaka 2015 misukosuko ikarudi, na Ngagara ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Familia zilihama, nyumba zikabaki tupu, kodi zikashuka.

Mtu aliyewahi kurudi kwake akakuta kufuli si lake na anayefungua mlango hamjui, huyo hatakuwa na wepesi juu ya nyumba yake mpaka anaingia kaburini. Akiona mpangaji amepigilia msumari, moyo wake haumwambii "msumari", unamwambia "anajimilikisha". Akiona mgeni amelala siku ya tatu, haoni mgeni, anaona mkazi mpya. Wengi wa wenye nyumba wakali tunaowajua hapa hawana mali nyingine ila hiyo. Hakuna pensheni ya kutosha, watoto wako mbali, na vyumba vitatu vya uani ndivyo vinavyonunua mchele na dawa za presha. Hili halihalalishi maneno ya kuudhi. Lakini mpangaji akilijua, atajua pia kwamba dawa ya hofu ni uhakika, na kwamba kumjibu kwa kelele ni kuongeza kuni.

Kupangisha nyumba si aibu wala si ulafi. Imam Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 241 Hijria (855), aliishi Baghdad kwa kodi ndogo ya majengo aliyorithi kwa baba yake, akajitosheleza nayo asiwe na haja na zawadi za watawala.

Mwenye nyumba wa Basra

Sasa twende mbali kidogo, Iraq, kiasi cha miaka 1,150 iliyopita na zaidi. Mwandishi wa Basra, al-Jahiz, aliyefariki mwaka 255 Hijria (868 au 869), alitunga kitabu maarufu juu ya mabakhili, Kitab al-Bukhala. Ndani yake kuna mwenye nyumba anayeitwa al-Kindi. Kama huyo ndiye yule mwanafalsafa al-Kindi au ni mwingine, wataalamu hawakubaliani, na kwa mada yetu haidhuru.

Huyu bwana alikuwa na masharti. Samadi ya mnyama wa mpangaji ni yake. Kokwa za tende na maganda ya makomamanga yasitupwe, yaletwe kwake. Chungu kikipikwa, apelekewe chochote, kwa kisingizio kwamba nyumbani mwake kuna mja mzito asije akadhurika kwa kusikia harufu ya chakula asikionje. Wapangaji, asema al-Jahiz, walimvumilia kwa sababu alikuwa mcheshi na mazungumzo yake yalikuwa matamu. Hilo nalo tunalijua hapa Bujumbura.

Siku moja mpangaji wake aitwaye Maabad alitembelewa na binamu yake pamoja na mtoto wa huyo binamu. Ikaja barua kutoka kwa al-Kindi. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: nyie ni sita, kodi ni dirham thelathini, yaani tano kwa kila kichwa. Sasa mmeongezeka wawili, kwa hiyo kodi ni dirham arubaini. Maabad alipohoji, akisema wageni ni wa siku chache na uzito wao uko juu ya ardhi, si juu ya mgongo wa mwenye nyumba, akaandikiwa waraka mrefu wa lawama ambao wasomaji wamekuwa wakiucheka hadi leo. Watu wakiwa wengi shimo la choo hujaa upesi na kulizibua kuna gharama. Miguu ikizidi, ngazi huliwa. Milango hufunguliwa na kufungwa zaidi, bawaba hulegea na kufuli hufa. Maji huchotwa zaidi, na udongo wa chini hunywa unyevu mpaka msingi unaoza. Watoto huchimba ukuta. Wapangaji hupigilia vigingi. Wakipika, huweza kuunguza nyumba nzima. Na mwisho wanahama usiku na deni.

Tunapowasomea vijana kisa hiki hucheka sana, kisha tunawauliza: katika hayo aliyoyasema, lipi ni uongo? Hapo hunyamaza. Kwa hakika hakuna uongo mwingi. Shimo la choo linajaa kweli. Bawaba zinalegea kweli. Wapo wanaohama usiku. Al-Jahiz alikuwa hodari kwa sababu alimpa bakhili hoja za kweli. Ubaya wa al-Kindi uko kwingine: alichukua uchakavu wa kawaida, ambao ndio kodi imelipiwa, akaufanya kosa la mpangaji. Alitaka alipwe mara mbili, kwa dirham na kwa unyonge wa mtu. Mtu wa namna hii huwezi kumridhisha kwa kufagia zaidi, kwa kuwa anacholaumu ni wewe kuwa ndani.

Theluji ya Damascus na ufunguo

Ndugu wasomaji, hapa ndipo fiqhi inapotusaidia. Wanavyuoni hawakuiacha nyumba ya kupanga bila mipaka. Kupanga kwao ni ijara, na ijara ni kuuza manfaa, yaani matumizi ya kitu kwa muda maalumu, bila kuuza kitu chenyewe. Kuta ni za mwenye nyumba. Kukaa ndani ya kuta, kwa mwezi uliolipiwa, ni mali ya mpangaji. Basi kuna wenye haki wawili mahali pamoja, na mtu asiyelielewa hili, awe mbele au uani, atagombana maisha yake yote.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), aliandika Minhaj, kitabu ambacho sisi Mashafii wa Afrika Mashariki tumekisoma kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa ijara amegusa mambo madogo madogo ambayo ukiyasoma utadhani alipita kartie zetu. Ufunguo wa nyumba ni wajibu ukabidhiwe mpangaji. Kuitengeneza nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Akifanya haraka, vyema, asipofanya, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Theluji ikianguka, kwa maana Nawawi alikuwa mtu wa Sham na huko theluji huanguka, ile iliyo juu ya dari huondolewa na mwenye nyumba. Ile iliyo uani, pamoja na takataka za uani, husafishwa na mpangaji.

Sisi hatuna theluji, tuna tope la masika na majani ya mwembe. Hukumu ni ile ile. Mwenye nyumba akikugombeza kwa ua usiofagiwa, Nawawi yuko upande wake, na ufagio ni wako. Akikugombeza kwa sababu bati linavuja na maji yamechafua sakafu, hapo amekugombeza kwa deni lake mwenyewe.

Na wageni? Nawawi anasema mpangaji hutumia manfaa kwa kadiri ya ada, na anaweza kumkalisha humo mtu mfano wake, ila asimkalishe mhunzi wala dobi wa kupiga nguo kwa magogo. Kwa nini hao wawili? Kwa sababu nyundo na magogo hutikisa kuta. Tazameni jinsi kipimo kilivyo cha busara. Hakuulizwa mgeni ni wangapi wala amekula nini. Kilichoulizwa ni je, kuta zinadhurika kupita kawaida? Dada yako kutoka Rumonge aliyekuja kujifungua si mhunzi. Ila ukifungua kiwanda cha kuchomelea vyuma kwenye chumba cha uani, usimwite mwenye nyumba mkorofi akilalamika.

Tena, nyumba mikononi mwa mpangaji ni amana. Kikiharibika kitu bila yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Akivuka mpaka, analipa. Bawaba iliyolegea kwa kufunguliwa kila siku si deni lake. Kioo alichokivunja mtoto kwa mpira ni deni lake, na asisubiri kuambiwa.

Limebaki jambo la kuchungulia, ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa ndani mna wake na mabinti. Suratu Nnur, aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimia waliomo. Wafasiri wanapoeleza nyumba "isiyo yako" huangalia nani anaikaa. Aliyepangisha chumba, kwa mwezi ule, chumba kile si chake katika hukumu ya kuingia. Na katika hadithi sahihi iko habari ya mtu aliyechungulia kwa tundu katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye akaonywa vikali, akafahamishwa kwamba kuomba ruhusa kuliwekwa kwa ajili ya jicho. Basi ufunguo wa akiba ambao baadhi ya wenye nyumba huuweka mfukoni na kuutumia wapangaji wakiwa kazini "kuangalia tu kama taa imezimwa" hauna uhalali katika dini. Bomba likipasuka na hakuna mtu, hiyo ni dharura, na dharura ina mashahidi. Mengine yote ni kubisha hodi.

Hata sheria ya nchi inaelekea huko huko. Sheria za mikataba walizotuletea Wabelgiji, ambazo mzizi wake ni amri ya Kongo ya mwaka 1888, zilichukua kutoka sheria ya Kifaransa kanuni kwamba mwenye kupangisha lazima amwache mpangaji atumie nyumba kwa utulivu muda wote wa mkataba. Msomaji ataona ajabu: serikali ile ile iliyokagua vitanda vya watu ilikuwa na kanuni hiyo kabatini.

Mfano wa Ng'ambo

Kuna wapangaji wanaosema, haya yote ni mazuri kitabuni, lakini mimi ni mmoja, na yeye ana geti. Kwa hawa tunataja habari ya ndugu zetu wa Unguja.

Ng'ambo ni upande wa pili wa mji wa Zanzibar, walikokaa watu wa kipato kidogo, wengi wao Waislamu. Walijenga vibanda vyao wenyewe juu ya ardhi ya watu wengine. Katika miaka ya 1920 wenye ardhi walizidisha kodi ya viwanja, na asiyelipa alishitakiwa na kufukuzwa. Mwaka 1928 wakazi wakakataa kulipa, si mmoja mmoja bali mtaa kwa mtaa. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, jambo ambalo mwanahistoria Laura Fair amelieleza kwa urefu. Wenzao walipofungwa, umati ulikwenda gerezani kuwatoa. Mwaka ule ule serikali ya Kiingereza ililazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi za viwanja zisipande ovyo.

Hatutaji kisa hiki ili mtu avunje gereza la Mpimba, Allah atuepushe. Tunakitaja kwa sababu ya neno moja: walikwenda pamoja. Katika viwanja vyetu mambo huwa kinyume. Mwenye nyumba akimsema mpangaji wa chumba cha kwanza, wa chumba cha pili hufurahi kimoyomoyo kwamba leo si zamu yake, na pengine humpelekea mwenye nyumba habari za jirani ili apate kusamehewa siku mbili za kuchelewesha kodi. Hiyo ni ghiba na ni umbea, na ndiyo chakula cha mwenye nyumba mlalamishi. Familia nne zikikaa jioni moja zikakubaliana zamu ya kufagia, saa ya kufunga geti na namna ya kugawa bili kwa idadi ya vichwa, kisha wakamwendea mwenye nyumba kwa adabu na karatasi mkononi, maneno yake mengi yatakosa pa kukaa.

Tunavyofanya hapa

Kwa upande wetu, tunapoitwa kusuluhisha, jambo la kwanza huuliza kodi. Mpangaji mwenye deni la miezi mitatu na simu mpya mfukoni hatuanzi naye kwa haki zake. Mtume (s.a.w.) amehesabu kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, na mara nyingi maneno yote ya taa na maji ni deni linalozunguka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mzee anaona haya kudai pesa. Aliyekwama kweli, aliyepoteza kazi au kuuguza, huyo tunamwombea muda, na Qur'ani imeagiza muda kwa mwenye dhiki.

Deni likishatoka njiani, tunamwomba mwenye nyumba aseme malalamiko yake yote, bila kukatizwa, na tunayaandika. Hapo huwa kuna kazi, maana mzee aliyekaa mwaka mzima na neno moyoni haliishi kwa dakika tano. Kisha tunayasoma moja moja na kuuliza: hili ni la ukuta au ni la mtu? La ukuta, kama choo, bili, msumari, maji yanayotuama, linapewa mwenye kulitengeneza na siku ya kulitengeneza. La mtu, kama saa anayoamka, idadi ya watoto wake, sufuria gani kapikia, mkewe amevaa nini akienda bombani, tunalipigia mstari mbele yake. Tumeona wazee wakijicheka wenyewe wanapoona mistari ilivyo mingi. Tumeona pia aliyeinuka akaondoka.

Anayeinuka akaondoka, hatumfuati kwa maneno. Tunarudi na mtu anayemheshimu, ambaye si lazima awe shehe. Warundi tuna desturi ya abashingantahe, wazee wa kusuluhisha, na tuna mkuu wa nyumbakumi. Mara nyingine mzee asiye Muislamu wa kartie anasikilizwa pale ambapo sisi wenye kanzu tumegonga mwamba. Na ipo siku hakuna anayesikilizwa, basi tunamshauri mpangaji atafute pengine, arudishe ufunguo mkononi mwa mwenyewe mbele ya mashahidi wawili, chumba kikiwa kimefagiwa. Kuhama huko si kushindwa. Ila ahame mchana.

Wanafunzi wetu wakubwa, tulipomaliza kuwasomesha mlango huu wa Minhaj, walituuliza swali ambalo bado liko mezani. Kama mhunzi haruhusiwi na ndugu anaruhusiwa, je, mama mwenye cherehani? Na yule mwenye mashine ya kusaga karanga? Na kijana mwenye jenereta ya kuchajia simu za watu umeme unapokatika? Juu ya cherehani tuliafikiana upesi, haitikisi ukuta na ada ya mji inaikubali. Mashine ya karanga tulisema ruhusa iombwe, na bili yake ya umeme itengwe. Jenereta imetugawa. Wako waliosema ni mhunzi wa zama hizi, kelele zake na moshi wake ni madhara tosha. Wako waliosema uani ni pa wote, mwenye nyumba naye ana haki ya kukataa hata kama kuta haziguswi, na jirani aliyelala ana haki zaidi ya wote wawili. Wenye rai na dalili watuletee, tutaisoma darasani Jumamosi baada ya alasiri, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.